Michezo midogo ya vita ya mezani: inamvuta kweli mtu asiye mchezaji, au inatufurahisha sisi wenyewe tu?

Mleta uzi, Mwanga (Kigoma)

Wakuu, mwakeye.

Kila mara inarudiwa hoja kwamba ukitaka kumwingiza mtu wa kawaida katika michezo ya vita ya mezani, mpe mchezo mdogo: sanamu tano badala ya sitini, kimeza cha chai badala ya meza ya kulia, saa moja badala ya siku nzima. Hoja hii husemwa kana kwamba imekwisha kuthibitika. Mimi naikubali nusu, na ile nusu ninayoikataa ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu.

Kwa asiyefahamu, ninazungumzia michezo ambayo kila mchezaji ana vijisanamu vya askari, mashujaa au mazimwi, vyenye kimo cha milimita 28 au 32 hivi, ambavyo husogezwa mezani kwa kupimwa na rula, na mapigano yake huamuliwa kwa dadu. Warhammer, iliyotolewa na kampuni ya Games Workshop ya Uingereza mwaka 1983, ndiyo iliyovuma zaidi, na Warhammer 40,000 ikafuata mwaka 1987. Humo mtu hujenga jeshi: hununua masanduku, hukata vipande kutoka kwenye fremu za plastiki, huvigundisha, huvipaka rangi kimoja kimoja, na baada ya hayo yote ndipo hucheza.

Michezo midogo nayo si jambo la jana. Kampuni hiyo hiyo ilitoa Necromunda mwaka 1995 na Mordheim mwaka 1999, ambamo mtu huongoza genge la watu wachache wanaobeba majeraha na uzoefu wao kutoka mechi moja hadi nyingine. Mwaka 2015 ikaja Frostgrave ya Joseph McCullough, ambayo kikosi chake chote ni mchawi mmoja, mwanafunzi wake na askari wasiozidi wanane. Leo hii mtu anaweza kucheza michezo ya namna hiyo maisha yake yote bila kumiliki jeshi kamili.

Lakini uchache wa sanamu ni jambo moja na wepesi wa kanuni ni jambo jingine kabisa, na wenzetu wengi huyachanganya. Itazameni Kill Team, mchezo mdogo wa vikosi wa Games Workshop. Kikosi chake kizima kinaenea kwenye sahani ya chai, ila kila askari ana uwezo wake wa pekee, kila kikosi kina hila zake za kulipiwa kwa pointi, na silaha zina sifa za ziada ambazo kila moja ina maelezo yake kitabuni. Toleo la 2021 liliacha hata kutaja inchi na kutumia maumbo, pembetatu ikiwa inchi 1, duara inchi 2, mraba inchi 3 na pembetano inchi 6, mpaka toleo la 2024 liliporejea kwenye inchi za kawaida. Mimi naupenda mchezo huo, na kwa aliyekwisha kuuzoea ni mtamu sana. Lakini ukimkalisha mbele yake jirani ambaye jioni zake huishia kwenye drafti, atakusikiliza kwa adabu dakika kumi, kisha atakumbuka kwamba aliacha mlango wa nyumbani wazi.

Wala si rahisi kumlaumu. Askari mmoja kati ya sitini akifa kwa sababu hukuijua kanuni, hakuna neno. Askari mmoja kati ya watano akifa, umepoteza sehemu ya tano ya nguvu zako, na pengine hujui hata ulichokosea. Mchezo mdogo humwadhibu mgeni haraka kuliko mkubwa, na hili sijaona likisemwa mara nyingi.

Mfano wa upande wa pili ni X-Wing, iliyotolewa na Fantasy Flight Games mwaka 2012. Sanduku la mwanzo lilikuwa na ndege tatu tu, moja ya waasi na mbili za dola, zote zikiwa zimepakwa rangi kiwandani. Katika kusogea hakuna rula ya kubishania: kila mchezaji huchagua mwendo wake kwa siri kwenye kisahani cha kuzungusha, wote hufunua, na ndege husogezwa kwa kufuata kipande cha plastiki kilichokatwa kwa urefu na pindo la mwendo huo. Aliyetazama filamu za Star Wars alikwisha kujua nani anamfukuza nani kabla hajafungua kijitabu cha kanuni. Uendelezaji wa mchezo huo ulisitishwa mwaka 2024, ila kwa zaidi ya miaka kumi uliwakalisha mezani watu ambao wasingeshika brashi ya rangi hata kwa malipo. Zamani zaidi, mwaka 1989, HeroQuest ya Milton Bradley na Games Workshop iliuzwa katika maduka ya kawaida ya vitu vya watoto, na mnunuzi hakuhitaji kujua kwamba kuna watu duniani wanaojiita wachezaji wa michezo ya vita.

Kwa maoni yangu, basi, kinachomvuta asiye mchezaji si udogo wenyewe. Kinachomvuta ni kuondolewa kwa kazi ndefu inayotangulia mchezo, na kukuta mezani jambo ambalo tayari analijua. Udogo husaidia kwa kuwa hurahisisha hayo mawili, na usipoyarahisisha hauna faida yoyote kwake.

Nililijaribu hili hapa hapa kwetu, na nililichagua Ziwa Tanganyika kwa makusudi. Wengi wetu tumekua tukiiona meli ya Liemba, na tunajua kwamba ndiyo Graf von Götzen ya Wajerumani, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa ikiwa vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, na kuibuliwa mwaka 1924. Wachache zaidi wanajua kwamba katika Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza nao walileta ziwani boti mbili za injini, zilizoitwa Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi, kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Kongo, kisha kwa kukokotwa na mitambo ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba. Tarehe 26 Desemba 1915, chini ya kamanda wao Geoffrey Spicer-Simson, boti hizo ziliiteka Kingani, chombo cha Wajerumani, karibu na mji ambao leo unaitwa Kalemie, na tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Tazameni basi: vyombo vya vita hiyo vinahesabika kwa vidole. Hakuna haja ya kuipunguza ili ienee mezani, kwa kuwa historia yenyewe ilikuja ikiwa ndogo.

Mabodi ya boti za mchezo niliyakata kutoka kwenye ndala chakavu, kwa sababu povu lake hukatika vizuri kwa wembe na tayari lina rangi. Mdomo wa boti ni mikato miwili ya mshazari, mzinga ni njiti ya kiberiti iliyochomekwa mbele, bendera ni kipande cha karatasi ya daftari. Kingani ilitoka kwenye ndala nyekundu, Waingereza wakapata nyeupe, na ziwa likawa turubai la bluu. Mzinga wa Kingani uliweza kupiga mbele tu, na hilo ndilo lililoiponza siku ile. Kwa hiyo nilikata pembe ya karatasi ngumu kutoka boksi la biskuti, nikasema kwamba kilicho ndani ya pembe hiyo kinapigika na kilicho nje hakipigiki. Kanuni hiyo haina sentensi ya pili.

Wa kwanza kukaa alikuwa mvuvi wa Kibirizi, mtu wa makamo, ambaye hakutaka hata kuelezwa Spicer-Simson ni nani. Aliniacha nimalize kueleza jinsi boti inavyogeuka papo hapo, akacheka. Akasema chombo chenye mwendo hakigeuki hivyo: kwanza kinaendelea mbele kidogo, ndipo mdomo unaitika, na ukikata kona ukiwa kasi unapoteza mwendo. Akaishika Toutou kwa vidole viwili, akaiburuta juu ya turubai huku akiutelezesha mkia wake kwa nje, nami nikaona anachosema. Tukaandika upya pale pale: hakuna kugeuka kabla ya kusogea angalau urefu wa boti yenyewe, na kila kona inakula nusu ya mwendo uliobaki. Kisha akacheza, akaizunguka Kingani kwa nyuma, akashinda, na akaanza kumwelekeza kijana aliyekuwa amesimama mgongoni kwake. Mtu huyo hatanunua sanamu hata moja, wala hatajiita mchezaji wa michezo ya vita. Lakini alicheza mchezo wa vita, na ujuzi alioutumia aliuleta mwenyewe kutoka ziwani.

Nawasilisha. Wenye kupinga wasione haya.

Mchangiaji, Gungu

Mkuu, andiko zuri, ila umeliruka suala la pesa kwa mbio sana. Ndala ni sawa kwa boti. Anayetaka mchezo wa watu au magari afanyeje, ikiwa sanduku lazima liagizwe nje, lisubiriwe posta na lilipiwe ushuru? Hapo ndipo mtu wa kawaida anapoachia ngazi, hata kanuni ziwe nyepesi namna gani.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Gungu, ni kweli, na ndiyo maana nashangaa kwamba watu wakitaja michezo midogo hutaja ile yenye masanduku tu. Kuna Gaslands ya Mike Hutchinson, iliyochapishwa na Osprey mwaka 2017, ambayo ni mashindano ya magari yenye silaha na ambayo hutumia vigari vya kuchezea vya watoto, vile vya uwiano wa moja kwa 64 vinavyopangwa sokoni kwenye mikeka. Upo pia mradi wa One Page Rules, ambao hutoa kanuni zake za msingi bure mtandaoni, zikiwa kurasa chache, na hawakubani utumie sanamu za nani. Gharama inayobaki hapo ni bando na karatasi ya kuchapia. Ukitaka watu, vizibo vya soda vilivyobandikwa picha vinatosha kabisa. Havipendezi kama sanamu, hilo sikatai, na kwa sisi tunaopenda rangi ni huzuni. Lakini mgeni hajaja kwa ajili ya rangi.

Mchangiaji, Kasulu

Mimi ni mtu wa drafti tangu utotoni, na nitasema wazi kinachonifukuza. Ni dadu. Kwenye drafti nikifungwa najua ni akili yangu iliyolala, na nikimfunga mtu hana pa kusingizia. Katika mchezo wenu nimeshuhudia mtu aliyepanga vizuri akipoteza kila kitu kwa sababu kipande cha mfupa kimeanguka vibaya. Umesema mchezo uwe na kitu ninachokijua. Ninachokijua mimi ni kwamba ushindi wa bahati si ushindi. Sanamu ziwe tano au mia tano, hilo halibadiliki.

Mleta uzi

Mkuu wa Kasulu, hoja yako ina nguvu, na inawabana watetezi wa michezo midogo kuliko wengine wote, kwa sababu idadi inabadilisha jambo hilo sana. Jeshi la watu sitini hurusha dadu nyingi mno katika mechi moja, na bahati nzuri na mbaya huelekea kufidiana. Kikosi cha watano hurusha chache, kwa hiyo kila moja ni nzito. Katika suala la bahati, mchezo mdogo uliotungwa kwa uzembe ni mbaya kuliko mkubwa.

Dawa ipo, nayo ni hesabu ya kawaida. Tuseme mzinga unarusha dadu moja, unahitaji 5 au 6, na pigo moja linazamisha chombo. Unafaulu mara moja kati ya tatu, na mechi yote imekaa juu ya theluthi hiyo. Sasa tuseme mzinga unarusha dadu tatu kwa sharti lile lile, na chombo kina pointi nne za uhai. Wastani ni pigo moja kwa kila mpigo wa mzinga. Kukosa kabisa hutokea katika matokeo 8 kati ya 27, na kupata mapigo yote matatu ni 1 tu kati ya 27. Hakuna chombo kinachozama kwa mpigo mmoja. Mwenye kukaa nyuma ya adui kwa zamu saba atashinda karibu kila mara, na kukaa nyuma ya adui ni akili, kama vile kumlazimisha mwenzako ale kete ili umle mbili.

Mchangiaji, Tabora

Mwangaluka wakuu. Mimi ni mwalimu hapa Tabora, na nimeusoma uzi huu nikiwa mtu wa nje hasa, maana sina hamu ya vita hata vikiwa vya ndala.

Ndugu mleta uzi, umezungumzia kanuni, kazi ya maandalizi na gharama, lakini hujagusa kitu kinachowaondoa wengi kabla hata hawajakaribia meza, nacho ni mada yenyewe. Vita ile ya Wajerumani haikuishia ziwani. Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia hapa Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na nyuma ya majeshi yote, la huku na la kule, kulikuwa na wapagazi waliobeba mizigo mpaka wakafa njiani kwa maradhi na njaa. Katika meza za michezo ya vita sijawahi kuona kijisanamu cha mpagazi. Sisemi msicheze. Nasema msishangae mtu akikataa, na msidhani kwamba amekataa kwa sababu kanuni zilikuwa ngumu.

Pale shuleni wanafunzi wa kiume walikuja na karatasi za mchezo wa vikosi, na wasichana hawakugeuza hata shingo. Kijana mmoja akanieleza habari za Blood Bowl, mchezo wa mwaka 1986 ambamo mazimwi na vibwengo hucheza mpira kwa fujo, timu zikiwa na wachezaji kumi na mmoja uwanjani, juu ya uwanja uliogawanywa miraba 26 kwa 15. Nilivutiwa na mambo mawili. Kwanza, hakuna kupima kwa rula, unahesabu miraba tu. Pili, kuna kanuni moja inayoubeba mchezo mzima: jambo kubwa ukilijaribu ukashindwa, mathalani ukiokota mpira ukakuponyoka, zamu yako inaishia hapo hapo, hata kama wenzako wote walikuwa hawajasogea. Kwa hiyo kila zamu ni kujiuliza uanze na lipi lililo salama.

Tukachora uwanja mdogo kwenye karatasi ya manila, tukaandika namba kwenye vizibo, tukaacha mazimwi tukabaki na mpira, na kanuni ile moja tukaiweka kama ilivyo. Wasichana wawili wakaja kutazama, wakabishana kuhusu pasi iliyopigwa, wakasukuma wavulana pembeni. Baadaye walitaka timu zao ziwe na majina, kisha wachezaji nao wawe na majina, na kizibo namba tisa akaanza kulaumiwa kwa mambo aliyoyafanya wiki iliyopita. Hiyo, nadhani, ni faida ya kweli ya uchache ambayo mleta uzi ameitaja kwa kupita tu alipozungumzia magenge ya Mordheim: wakiwa saba unaweza kumchukia mmoja wao. Wakiwa sitini huwezi.

Mchangiaji, Ujiji

Vijana wangu, uzi huu nimesomewa na mjukuu, naye ndiye anayeniandikia. Nina mawili.

La kwanza, mnasema mtu wa kawaida hukimbia kanuni nzito. Je, bao? Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, lina namua na lina mtaji, lina nyumba ambayo ina haki zake za pekee, na kuna nyakati unalazimika kula hata kama hutaki. Hakuna aliyewahi kupewa kijitabu. Mtoto anasimama nyuma ya wazee barazani, anatazama, anasikia mchezaji akichekwa kwa kucheza vibaya, na siku akiachiwa nafasi anakaa na kucheza. Kwa hiyo uzito wa kanuni si tatizo, ikiwa kanuni zinaonekana kwa macho. Mchezo wenu mambo yake yamefichwa kwenye karatasi. Mimi nikipita na kusimama, nitaona watu wawili wakisoma. Nitajuaje nani anashindwa?

La pili ni dadu. Wapo wazee hapa Ujiji ambao hawatakaa mahali palipo na dadu, hata pasipowekwa senti, kwa sababu ya dini yao, na hilo si la kubishana nalo. Mkitaka wakae, ziondoeni.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Nafuatilia kwa heshima, lakini naona mnazunguka. Kazi ya mchezo mdogo ni kuwa mlango. Mtu anaanza na sanamu tano, anazoea kupaka rangi, anaongeza kumi, na baada ya muda ana jeshi. Kampuni zinafanya hivyo kwa makusudi, na hakuna ubaya. Huyo mvuvi na hao wasichana wamecheza, vizuri, ila kama hawaendelei mbele basi hatujampata mchezaji mpya hata mmoja.

Mleta uzi

Nitawajibu kwa pamoja, na nitaanza na wa mwisho kwa sababu ndiye rahisi. Kaka wa Dar es Salaam, mtu anayecheza drafti miaka arobaini hayupo safarini kwenda kwenye sataranji. Amekwisha fika. Mawazo ya mlango yanamfaa muuzaji wa masanduku, nami simlaumu, lakini sisi tunaotaka watu wa kucheza nao jioni hatuna sababu ya kuyarithi. Isitoshe, mtu akihisi kwamba anaandaliwa kwa ajili ya kitu kingine, huondoka.

Dada yetu mwalimu, suala la wapagazi nalipokea, na sitalijibu kwa kusema kwamba ni mchezo tu, kwa sababu huo ni ukwepaji. Ninachoweza kusema ni kwamba boti zilizovuka Mitumba hazikujivusha zenyewe, na nimeanza kufikiria mechi ambayo kazi yake yote ni kuvusha boti hizo mlimani kabla ya mvua, bila adui yeyote mezani. Huenda ikawa nzuri kuliko ile ya mizinga. Kuhusu kizibo namba tisa, naona umelisema jambo ambalo mimi nililizunguka.

Mzee wetu wa Ujiji, shikamoo. Hoja ya bao inanipeleka mbali kuliko nilikoanzia. Inaeleza jambo ambalo lilikuwa likinisumbua kuhusu mwandishi Mwingereza H. G. Wells, ambaye mwaka 1913 alichapisha kanuni za vita vya askari wa kuchezea. Kwake hapakuwa na dadu za kuamua nani amepigwa na mzinga: mzinga wa kuchezea wenye springi ulirusha kipande kidogo cha mti, na askari aliyeangushwa amekufa. Mpita njia yeyote angeweza kufuatilia. Waliomfuatia waliongeza majedwali na kupata usahihi, lakini mtazamaji wakampoteza, na ninaanza kuamini kwamba mchezaji mgeni hupatikana kwanza akiwa mtazamaji. Pembe ya karatasi ya biskuti inaonekana kutoka mbali. Nadhani ndiyo maana yule kijana aliyesimama nyuma ya mvuvi alielewa kabla hajaambiwa.

Hali ya chombo nayo inapaswa kuonekana. Nimeacha kuandika uhai kwenye daftari. Sasa kila boti ina njiti nne za kiberiti zilizosimama mgongoni, na kila pigo linang'oa moja. Aliyesimama barabarani anaweza kuzihesabu.

Ama dadu, nimeziondoa, na natumaini hili litamridhisha mkuu wa Kasulu pia. Anayepiga huficha ndani ya ngumi kokoto moja, mbili au tatu. Anayepigwa naye hufanya hivyo. Wote hufunua pamoja. Zikilingana, ni pigo. Hufanywa mara tatu kwa kila mpigo wa mzinga. Wote wawili wakichagua ovyo, nafasi ni ile ile moja kati ya tatu, kwa hiyo hesabu yangu ya juu haibadiliki. Lakini hakuna anayechagua ovyo, na ukimjua mwenzako kwamba hupenda kurudia tatu baada ya kukosa, hiyo ni akili yako na si bahati.

Mchangiaji, Kasulu

Hiyo ya kokoto nitaijaribu. Tuwekee kanuni zote mahali pamoja, na utuambie mechi inaishaje, maana hilo hujalisema.

Mleta uzi

Ni fupi. Tandika turubai au khanga ya bluu, na upande mmoja wa meza uwe Kalemie, wa pili uwe Kigoma. Kata kijiti cha shubiri moja kitakachotumiwa na wote, ili mtu mwenye mkono mkubwa asipate faida. Kingani inaanza karibu na Kalemie, mdomo ukielekea huko, kwa sababu ilikuja kupeleleza. Mimi na Toutou zinatokea ukingo wa Kalemie, kila moja kwenye kona yake. Kwa zamu, Kingani husogea hadi kijiti kimoja, na boti za Waingereza hadi kijiti kimoja na nusu kila moja, kwa kufuata kanuni ya mvuvi: sogea kwanza urefu wa boti, ndipo ugeuke, na kona inakula nusu ya mwendo uliobaki. Baada ya kusogea, piga chochote kilicho ndani ya pembe yako ya mbele na kisichozidi vijiti vitatu, kwa kokoto. Boti zinazogongana zinang'olewa njiti moja moja.

Kingani ikitoka kwenye ukingo wa Kigoma ikiwa na njiti hata moja, imeshinda. Ikiishiwa njiti, haitolewi mezani: Waingereza wanaichukua, kama walivyofanya siku ile, wanaiita Fifi, na wanaitumia pamoja na Mimi katika mechi ya pili dhidi ya Hedwig von Wissmann.